Mwaloni, tofali au gumegume: nyumba ipi ya kale uichukue Saffron Walden?

Mama aliiona kwanza kupitia simu. Nilikuwa nimesimama Bridge Street, mvua ya manyunyu inanyesha, ile isiyolowesha lakini pia haikati, nikageuza kamera nimwonyeshe nyumba tuliyokuja kuitazama. Kuta za rangi ya maziwa, ghorofa ya juu imechomoza mbele ya ile ya chini, paa la vigae limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Pembeni lipu ilikuwa imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, na ndani yake zinaonekana fito na udongo.

Mama, aliyekuwa barazani kwake Pangani, alikaa kimya kidogo. "Mwanangu, hiyo si nyumba ya kukandika hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanaiuza kwa pesa za Kizungu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ile ya babu yako mngeniachia. Mkaibomoa mkaweka bloku."

Sikuwa na jibu. Ila baada ya miezi kadhaa ya kuzunguka mji ule na mke wangu tukitafuta nyumba, naona mama alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Ukitaka kuchagua nyumba ya kale katika mji wa Kiingereza, usianze na uzuri wake. Uliza imejengwa kwa nini, na ni nani aliyeipaka nini juu yake. Mtu aliyekulia kwenye fito, udongo na chokaa ana faida hapa kuliko anavyodhani.

Saffron Walden uko kaskazini-magharibi mwa mkoa wa Essex, England, karibu na Cambridge. Hilo neno la mbele ni zafarani, ile ile ya biriani. Zamani mji uliitwa Chipping Walden. Katika karne ya 16 na ya 17 mashamba yake yalijaa maua ya zafarani, yanunuliwe kwa dawa, kwa kutia rangi vitambaa na kwa jikoni. Kila ua lina nyuzi tatu tu, na gramu moja inataka maua kama 150, kwa hiyo si zao la mtu mvivu. Fedha ya zafarani, ya sufu, na baadaye ya kimea cha kutengenezea bia ndiyo iliyosimamisha nyumba tunazozigombania leo. Zafarani ilikufa kufikia mwisho wa karne ya 18. Reli kuu ilipokuja, ilipita kando. Mpaka leo stesheni iko kijijini Wendens Ambo, kilomita tatu hivi kutoka mjini. Njia ndogo ya kuingia mjini ilifunguliwa 1865, ikafungwa 1964. Mimi naamini kupitwa huko ndiko kulikoziokoa nyumba hizi. Hakukuwa na haraka ya kubomoa.

Nyumba za kale za katikati ya mji, nyingi zimo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. England yote ina maingizo kama 400,000 katika orodha hiyo, kwa madaraja matatu: la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili la kawaida. Zaidi ya asilimia 90 ni daraja la pili la kawaida, na nyumba ndogo unayoitazama karibu hakika ni ya daraja hilo. Madalali husema "ni daraja la pili tu" kwa sauti ya kukupoza. Usipoe. Daraja la pili halimaanishi uso wa nyumba peke yake. Linashika nyumba nzima, ndani na nje: ngazi, milango, meko, mbao za sakafu, hata ukuta wa uani ikiwa ulikuwepo kabla ya Julai 1948. Ukitaka kubadili kitu kinachogusa sura au historia yake unaomba kibali kwa halmashauri, ambayo kwa mji huu ni Uttlesford. Kuomba hakuna ada, na jibu kwa kawaida hutakiwa litoke ndani ya wiki nane. Kufanya kazi bila kibali ni jinai. Adhabu yake inaweza kufika miaka miwili jela.

Sasa hapa ndipo watu hunaswa. Aliyevunja ukuta mwaka 1995 bila kibali ameshauza na kuondoka, lakini halmashauri inaweza kukuamuru wewe uurudishe. Hakuna muda wa kosa hilo kuchakaa. Tulitazama nyumba moja ambayo mwenyewe alijivunia jiko "la wazi" alilolipata kwa kuondoa ukuta mzima. Nikamwomba karatasi ya kibali. Akaenda kuitafuta kwenye droo, akatuletea chai.

Tuje kwenye kuta.

Nyumba ya mwaloni na udongo

Hii ndiyo uso wa mji. Mifupa yake ni boriti za mwaloni zilizokatwa mbichi, kwa sababu mwaloni ukikauka huwa mgumu kama chuma na msumeno wa mkono unalia. Fundi aliziunda zikiwa zimelala chini: ulimi wa boriti moja uingie katika tundu la nyingine, kisha kigingi cha mti kipigwe katikati. Kila kiungo alikitia alama, mikwaruzo kama tarakimu za Kirumi, halafu akavifungua vyote, akavipakia mkokotenini na kuvisimamisha kiwanjani. Alama hizo bado zipo. Tuliziona bafuni katika nyumba moja, sentimita chache juu ya kishikio cha karatasi ya choo. Mti mbichi ulipokauka ulijikunja na viungo vikakaza, na ndiyo maana sakafu zinateremka na milango ina pembe za ajabu. Nyumba haianguki. Ilishapinda zamani, ikatulia.

Katikati ya boriti wakasuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na mabua na mavi ya ng'ombe. Juu yake chokaa yenye nywele za mifugo ili isipasuke. Mama angeweza kuwasimamia. Matajiri wa Essex na Suffolk wakaongeza madoido: lipu iliyofinyangwa nakshi. Mtaani Church Street kuna nyumba iliyokuwa Old Sun Inn, na kuta zake zimejaa majani, ndege, vyombo na majitu mawili yenye silaha juu ya lango, pamoja na mwaka 1676. Fremu ya jengo lenyewe ni ya karne ya 14. Hiyo ni ya daraja la kwanza na wala si saizi yetu, lakini nenda uitazame kabla ya kutazama nyumba yoyote, upate kipimo cha macho.

Ukipata nafasi panda darini na tochi. Ukikuta kenchi nyeusi, nyeusi ya masizi iliyoingia ndani ya mti, ujue chini yake palikuwa na ukumbi usio na dari: meko katikati ya sakafu, moshi unapanda mpaka paani na kutafuta njia yake. Dohani na ghorofa vilikuja baadaye, vingi katika karne ya 16 na ya 17. Hakuna brosha ya dalali inayokwambia umri wa nyumba kama masizi hayo.

Ubaya wake? Boriti ya chini kabisa, ile inayolala juu ya msingi na kubeba nguzo zote. Siku ya ukaguzi, mkaguzi wetu, mzee mmoja mwenye magoti yanayolalamika, alipiga goti kwenye kichochoro, akachomoa kisu chembamba na kukidunga pale. Nguzo mbili za kwanza kiligoma. Ya tatu kikazama mpaka mpini, kama kwenye muhogo uliooza. Hakusema kitu. Alikwangua rangi, akagonga lipu kwa kucha, akasikiliza, akasema neno moja: "Saruji."

Hapa ndipo penye kisa chote cha nyumba hizi. Chokaa hupumua. Maji yanayoingia ukutani, na katika Uingereza maji hayakosi njia, hutoka tena kupitia chokaa. Karne ya 20 ilileta saruji, mafundi wakaona ni dawa, wakazivika nyumba za watu koti gumu. Saruji haiendi na mti. Nyumba inatikisika kidogo, koti linapasuka ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia na hayatoki tena. Mwaloni uliokaa salama miaka 400 unaoza ndani ya miaka 40. Waliotengeneza nyumba za matumbawe Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hadithi hii. Kule nako kiraka cha saruji juu ya ukuta wa chokaa hufukuza unyevu upande mmoja ukatokea mwingine.

Kwa hiyo gonga. Chokaa ina sauti nzito, iliyojaa, na ukiitazama kwa pembeni ina mawimbi. Saruji ina sauti kavu na uso ulionyooka kama ubao wa shule. Panapotoa mlio mtupu, lipu imeachana na ukuta. Na tundu ndogondogo kwenye mbao zisikutoe mbio: karibu kila nyumba ya mwaloni imewahi kuliwa na bungua. Angalia unga. Tundu jeusi lisilo na unga ni historia. Unga mpya, mwepesi, wa rangi ya biskuti ni mgeni aliyeko nyumbani. Kuna aina moja kubwa ambayo majira ya kuchipua hugongagonga kichwa ndani ya boriti kuita mwenzake. Ukilala katika nyumba hiyo, kwenye kimya cha usiku utaisikia, na bungua huyo anapenda mti wenye unyevu, kwa hiyo wewe tafuta unyevu unakotoka kabla ya kununua dawa.

Nyumba ya tofali

Pita High Street uone uso mwingine wa mji: tofali jekundu, madirisha marefu ya kupandisha na kushusha, mlango katikati. Zilipojengwa nyumba hizi, mwaloni mzuri ulikuwa ghali na udongo-na-fito ulionekana ushamba. Serikali nayo ilikuwa na mkono wake. Kodi ya madirisha ilitozwa kuanzia 1696 mpaka 1851, na wengine waliziba madirisha yao; ya matofali ikaja 1784, ikafutwa 1850, na kwa kuwa ilihesabiwa kwa idadi, viwanda vikafyatua matofali makubwa zaidi. Ukikuta dirisha lililojengewa tofali usiharakishe kusema ni kodi, maana mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo ili uso wa nyumba ulingane pande mbili.

Kuishi humo ni rahisi kuliko kwenye mwaloni. Dari iko juu, kichwa chako kiko salama, kabati linasimama wima. Ukuta ni tofali mbili tu, sentimita 23 hivi, bila uwazi katikati kama wa nyumba za kisasa, kwa hiyo joto linatoka. Unaweza kuutambua ukiangalia mpangilio: tofali ubavu, tofali kichwa, ubavu, kichwa. Vichwa hivyo ndivyo vinavyoshona pande mbili za ukuta.

Hata hapa saruji imetutangulia. Chukua ufunguo, ukwangue kidogo sana kile kilichomo kati ya matofali. Kinapaswa kuwa laini kuliko tofali, kitoe chembe. Kikiwa kigumu kuliko tofali, maji yatapita kwenye tofali lenyewe, yagande wakati wa baridi, na uso wa tofali utabanduka vipande kama gamba. Ukishaona vumbi jekundu chini ya ukuta huhitaji mkaguzi akwambie.

Na tahadhari nyingine: tofali hudanganya. Wenye nyumba wengi wa karne ya 18 hawakujenga upya, walipachika tu uso wa tofali mbele ya nyumba ya zamani, wakaonekana wa kisasa barabarani huku nyuma wakiendelea na mambo yao. Zunguka kichochoroni. Uso ni tofali, ubavu ni lipu, paa ni la mteremko mkali usiofanana na uso? Umeshajua.

Nyumba ya gumegume

Chini ya udongo wa eneo hili kuna mwamba wa chokaa laini, na ndani yake mawe ya gumegume: nje gamba jeupe, ndani nyeusi na kali kama kioo. Magofu ya ngome ya karne ya 12 juu ya kilima yamejengwa kwa hayo, na pia kuta za bustani na nyumba ndogo za mjini na zaidi za vijijini.

Nitasema wazi kwamba sikuzipenda, ingawa mke wangu alizipenda. Gumegume ni la mviringo na halina pembe, ndiyo maana pembe za nyumba na kingo za madirisha hujengwa kwa tofali, na huo mchanganyiko kweli unapendeza. Ila jiwe hili halinywi maji hata tone, kwa hiyo chokaa inayoyashika mawe ndiyo inayofanya kazi yote ya kukausha ukuta. Ukuta mnene, baridi, madirisha madogo. Mvuke wa chai unakwenda moja kwa moja kutua ukutani. Bungua hana habari nao, moto nao hauna pa kushika, hayo ni ya kusifu. Lakini jaribu kutundika kabati la jikoni. Keekee inateleza, inakutana na jiwe, ncha inakatika. Mama Salma alipoona mwenye nyumba amesimamisha makabati yote juu ya miguu, hakuna hata moja lililotundikwa, alicheka na kuniambia, "Haya, Baba Salma, tuendelee."

Ya makuti sitayasemea mengi. Wendens Ambo kuna nyumba za paa la nyasi zinazopigwa picha kila siku, na ni nzuri. Kilele cha paa kinataka kutengenezwa upya kila baada ya miaka kumi na kitu, na kampuni za bima hukuuliza maswali mengi kuhusu dohani kabla ya kutaja bei. Kama una pesa na subira, karibu.

Zikiwekwa pamoja

Kwa baridi, tofali na mwaloni hazipishani sana, kinyume na nilivyotarajia. Ukuta wa fito na udongo ni mwembamba lakini ni mkavu ukiwa mzima, na ukuta mkavu hauli joto kama ukuta wenye unyevu. Upepo ndio adui kwenye mwaloni, unaingia kila penye kiungo. Gumegume ni ya mwisho, kwa mbali. Kwenye zote tatu usitegemee kubadili madirisha uweke vioo vya tabaka mbili. Ni jambo la kibali na jibu mara nyingi ni hapana. Vioo vya ziada kwa ndani, vinavyotolewa wakati wa kiangazi, hukubaliwa kwa urahisi zaidi, na mapazia mazito hayahitaji kibali cha mtu.

Kwa matengenezo, mwaloni una sifa ambayo wengine hawana: unatibika kipande kwa kipande. Seremala anakata sehemu iliyooza, anaunga mwaloni mpya kwa kiungo cha kale, nyumba inaendelea. Kazi ni ghali, na mafundi wa chokaa wana foleni. Usiingize kwenye hesabu nafuu ya kodi pia: tangu Oktoba 2012 mabadiliko yenye kibali yanatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 sawa na ukarabati. Tofali hukupa miaka mingi ya kutofanya kitu, mradi mifereji ya paa isizibe.

Kwa familia, pima urefu. Mimi si mrefu, na katika nyumba ya mwaloni niligonga kichwa mara mbili kabla ya kumaliza sebule. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ilikuwa na urefu wake, kama vile vyumba vya Lamu vinavyofuata urefu wa boriti za mikoko. Ngazi ni kama za kupandia mnazi. Mwenye mzazi wa miaka 70 anayekuja kukaa miezi mitatu asijidanganye. Benki nazo hukopesha kwa aina zote hizi, lakini zikisikia "fremu ya mbao" huuliza zaidi, na ripoti ya mkaguzi wa kawaida asiyejua majengo ya kale inaweza kukuharibia mkopo kwa kuandika "unyevu" kila ukurasa. Tafuta mwenye kuyajua. Ndiye gharama pekee ambayo sikuijutia.

Uamuzi wangu ulikuwa huu. Nyumba ya mwaloni yenye chokaa, na boriti ya chini inayogoma kisu, naichukua kabla ya zote. Ya mwaloni yenye koti la saruji siichukui ila bei ishuke kiasi cha kulivua koti na kubadilisha kilichooza chini yake, na ukweli ni kwamba kabla ya kulivua hujui kilichooza ni kiasi gani. Ikishindikana, tofali. Ile ya Bridge Street tuliiacha pale pale kisu kilipozama, ingawa nilishaanza kuwaza pa kuweka mkeka.

Tukachukua ya tofali. Ndogo, imebanwa kati ya majirani wawili kiasi kwamba hakuna kichochoro cha kuzungukia wala ubavu wa kuchungulia. Mkaguzi yule yule alipanda darini, akakaa huko dakika kumi tukisikia magoti yake juu ya mbao. Akashuka na bega jeusi la masizi, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kenchi zote, akasema, zimekaangwa na moshi. Tofali za mbele ni ngozi tu. Nyuma yake mwaloni, fito na udongo, vyote vikavu.

Jioni nikampigia mama, shikamoo, marahaba, nikamweleza kwamba tumepata ya matofali, lakini nyuma ya matofali kuna fito.

"Kwa hiyo mmenunua ya kukandika," akasema. "Imevaa kanzu."